Kupima usingizi nyumbani jijini Mwanza: tathmini kwa anayeuguza mgonjwa wa melanoma

Ipo kliniki binafsi hapa Mwanza inayokodisha kifaa cha kupima usingizi, ambacho mgonjwa hulala nacho nyumbani kwake usiku mmoja na kukirudisha asubuhi. Kaka yangu, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anatibiwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ya unyayo, na kwa miaka mingi amekuwa akikoroma hadi pumzi inamkatika na kurudi kwa kishindo. Hayo mawili ndiyo yaliyotupeleka huko.

Mtu ambaye koo lake huziba usingizini hukosa oksijeni, huipata, kisha huikosa tena mara nyingi usiku kucha, na upungufu huo wa vipindi huamsha protini zinazousaidia uvimbe kuotesha mishipa mipya ya damu. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba melanoma ilikua haraka zaidi kwa panya waliopunguziwa oksijeni kwa namna hiyo. Mwaka 2018 ukachapishwa utafiti wa Hispania uliohusisha wagonjwa 443 wa melanoma, ambao ulibaini kuwa waliosumbuliwa zaidi na kukatika kwa pumzi walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuwa na uvimbe wa aina kali. Hiyo haina maana kwamba kukoroma huleta saratani, wala haijathibitishwa kwamba kutibu usingizi hupunguza kasi ya melanoma. Hata hivyo, kwa mtu ambaye tayari anaugua, naona ni uzembe kuacha jambo hili bila kupimwa.

Kwa upande wa upimaji wenyewe, huduma ni nzuri. Mhudumu alimfunga kaka mkanda wa kifuani, akamwekea mrija mwembamba puani na kibano cha kupima oksijeni kidoleni, kisha akamtaka avivue vyote na kuvivaa tena mwenyewe mbele yake mpaka akaridhika. Alikagua hata kucha, akieleza kuwa rangi ya kucha na hina huweza kuvuruga usomaji wa kibano. Umeme ulikatika usiku ule, lakini kifaa hutumia betri, hivyo hakuna kilichopotea.

Kasoro iko kwenye majibu. Tulikabidhiwa bahasha dirishani, ndani yake mkiwa na mchoro wa oksijeni uliochongoka kama meno ya msumeno na idadi ya mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua kwa saa, bila mtu wa kutufafanulia. Idadi ikiwa chini ya 5 ni kawaida, kuanzia 5 tatizo ni dogo, kuanzia 15 ni la wastani, na ikifika 30 ni kali. Ya kaka iliangukia kwenye kali. Mgonjwa hapaswi kutoka na habari nzito namna hiyo bila kuonana na daktari. Pia hatukuambiwa kwamba vibano vya kidoleni huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwa watu wenye ngozi nyeusi, jambo lililobainishwa wazi na utafiti wa Marekani mwaka 2020, na ambalo kliniki ya Mwanza ilipaswa kulitaja kabla ya lingine lolote. Fomu yao, kwa upande wake, inauliza kuhusu shinikizo la damu na kisukari, lakini haina hata mstari mmoja kuhusu saratani.

Daktari anayemtibu kaka melanoma ndiye aliyeyasoma majibu kwa makini, akayaweka kwenye faili lake na kumwandikia rufaa ili apatiwe mashine ya kusukuma hewa puani wakati wa kulala.

Ningempeleka ndugu mwingine kwenye huduma hii, ila kwa sharti kwamba miadi ya daktari wa kusoma majibu iwe imepangwa kabla ya kukodi kifaa. Lakini mwenye doa jeusi linalopanuka unyayoni, kiganjani au chini ya kucha aanze kwa daktari wa ngozi, kwa kuwa kifaa hiki hakiwezi kumwambia doa hilo ni nini.