Kadi ya biashara ya kidijitali kwa shughuli za Tanga: ninayoitumia na niliyoiacha

Nianze na jibu, maana ndilo wengi wanalolitaka. Kwa anayefanya shughuli Tanga, kadi inayofaa ni ya plastiki yenye chipu ya NFC ndani (simu huisoma ikigusishwa tu) na msimbo wa QR uliochapwa juu, vyote viwili vikielekea kwenye linki ya ukurasa wa namba zako, unayoimiliki mwenyewe. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, chukua QR.

Muuzaji akikuonyesha kadi, ataigusisha kwenye iPhone mpya na ukurasa utafunguka palepale. Haya, ichukue kadi hiyohiyo uende nayo soko la Mgandini, au kwa wakala wa forodha pale bandarini, au kwa msafirishaji wa machungwa wa Muheza. Simu nyingi za bei ya chini za Tecno, Infinix na itel hazina NFC kabisa. Utagusisha mpaka mkono uchoke. Kwa wakandarasi wa bomba la mafuta kule Chongoleani, au wageni wa hoteli za Pangani, hali ni nyingine na kugusisha kunalipa. Kabla hujauliza bei ya kadi, jiulize unakutana na simu za nani.

Hata kwenye simu yenye NFC, kuna namna yake. Chipu inasomeka ndani ya sentimita 4 hivi, na kava nene linapunguza hata hizo. Kwenye iPhone gusisha ukingo wa juu. Kwenye Android nyingi, katikati ya mgongo. iPhone XS na XR za 2018 na zilizofuata zinasoma zenyewe bila programu, ilimradi skrini inawaka. iPhone 7, 8 na X zinahitaji mtu afungue kwanza kisomaji cha NFC. Kamera ikiwa wazi, au simu ikiwa kwenye hali ya ndege, iPhone haisomi chipu. Ndiyo maana usimwambie mtu afungue kamera kisha umgusishie kadi. Chagua njia moja. Na ukiiweka kadi pochi moja na ya benki, toa yako peke yake kabla ya kugusisha, la sivyo simu inababaika kati ya chipu mbili.

Kadi za chuma zinapendeza mkononi, lakini chuma huziba mawimbi ya NFC. Zinazofanya kazi zimewekewa nyuma ya chipu tabaka la feraiti, yaani kinga inayoitenga chipu na chuma, kwa hiyo husoma upande mmoja tu. Mimi sizinunui.

Kuhusu chipu yenyewe, muulize muuzaji ni ipi. NTAG213 ina nafasi ya baiti 144, NTAG215 ina 504, NTAG216 ina 888. Kwa linki, 213 inatosha na kubaki. Wapo wanaokushawishi ulipie 216 ili taarifa zako zote zikae ndani ya kadi. Android itazifungua, lakini iPhone ikisoma chipu bila programu hutegemea linki, haikuletei faili la mawasiliano. Hiyo nafasi ya ziada unailipia bure.

Sasa QR, ambayo ndiyo itakayofanya kazi kubwa. Iko ya aina mbili, na hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea. Ya kwanza ina taarifa zako zote ndani yake: jina, namba, kampuni. Inasomeka hata bila bando, haimtegemei mtu yeyote, ila ukibadilisha namba umeshachapa. Ya pili ina linki fupi tu. Taarifa ziko mtandaoni na unazibadilisha upendavyo.

Tofauti yao inaonekana kwa macho. Linki ya herufi 30 hivi hutoa msimbo wa miraba 29 kwa 29. Taarifa kamili za mtu, baiti kama 240, hutoa miraba 61 kwa 61. Ukichapa yote kwa upana wa sentimita 2.5, mraba mmoja wa linki una karibu milimita 0.9, na wa taarifa kamili milimita 0.4 tu. Kwa printa ya steshenari ambayo wino unasambaa kidogo, hiyo 0.4 inaungana na kuwa doa, na kamera ya simu ya bei ndogo ikikutana nayo jioni kwenye taa hafifu, basi tena. Acha ukingo mweupe wa miraba 4 kila upande. Wachapaji wengi huukata ili nembo ienee. Nembo katikati ya msimbo inakubalika ukichagua kiwango cha H cha kurekebisha makosa, kinachovumilia uharibifu wa hadi asilimia 30 hivi, lakini msimbo unakuwa mnene zaidi. Mimi naiacha nembo ikae pembeni. Weusi juu ya weupe, plastiki isiyong'aa, maana jua la Tanga likipiga kwenye kadi inayong'aa kamera haioni kitu.

Niliyoiacha ni huduma ya kulipia kwa mwaka. Ukurasa wake ni mzuri, una takwimu za waliofungua, una fomu ya mgeni kuacha namba. Shida ni kwamba linki iliyo ndani ya msimbo ni yao. Malipo ni ya dola, yanakatwa kwenye kadi ya Visa. Salio likipungua siku ya kukata, ukurasa unafungwa, na kila kadi uliyogawa mjini inapeleka watu kwenye tangazo la kampuni hiyo. Hizo takwimu nazo hazikuambii aliyefungua ni nani. Na fomu ina mzigo wake: ukikusanya namba za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu, ikiwamo kujisajili kwenye Tume.

Ninayoitumia ni jina la kikoa la .co.tz, yaani anwani ya tovuti iliyo yangu, ukurasa mmoja mwepesi usio na picha kubwa, vitufe vitatu: piga, WhatsApp, sevu namba. Linki ya WhatsApp huandikwa wa.me/ ikifuatiwa na 255 na namba, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Kitufe cha kusevu kinafungua faili la .vcf, ambalo simu hulisoma kama jina na namba za kusevu, lenye maandishi haya:

BEGIN:VCARD
VERSION:3.0
N:Ukoo;Jina;;;
FN:Jina Ukoo
ORG:Jina la kampuni - Forodha Tanga
TITLE:Wakala wa Forodha
TEL;TYPE=CELL:+2557XXXXXXXX
END:VCARD

Toleo la 3.0 linakubalika na simu nyingi kuliko 4.0. Namba ianze na +255, kwa sababu ikianza na 07 mteja aliyeko Mombasa au Dubai atapiga isitoke. Mstari wa ORG usiuache mtupu: miezi sita baadaye mtu hakumbuki jina lako, anaandika "forodha" kwenye simu na kutafuta. Picha iwe ndogo sana au isiwepo. Ukurasa ukifunguliwa kutokea ndani ya Instagram, faili mara nyingine haishuki. Mwambie afungue kwa Chrome au Safari.

Kama unachotaka ni kutoa namba tu, usinunue kitu. WhatsApp ina QR yake, programu ya majina ya Google inatoa QR ya namba yako, na iPhone mbili zenye iOS 17 zinapeana namba kwa kusogezwa karibu.

Andika pia juu ya msimbo "Skani kupata namba yangu". Watu wamezoea QR za Lipa Namba, na wapo watakaodhani unawadai. Kwa mzee mwenye kitochi, msalimie, mpe kadi ya karatasi kwa mkono wa kulia, au umwombe namba umbipu. Simu yake usiishike.

Kuandika chipu tumia programu ya NFC Tools: Andika, ongeza linki, gusisha. Ukiiacha wazi, yeyote mwenye programu hiyo anaweza kuweka linki yake juu ya yako. Weka nywila kwanza, ambayo familia hii ya chipu inaikubali. Kuifunga chipu kabisa isiandikike tena hakurudi nyuma, na fanya hivyo tu kama kikoa ni chako. Kisha chapa kadi moja ya majaribio, iskani kwa itel, kwa Samsung na kwa iPhone, ndani na nje juani, usevu namba na upige kutoka kwenye simu iliyoisevu. Ikiita, ndipo ulipie zilizobaki.