Uzoefu wangu: kuimarisha msingi wa nyumba, kona ilikuwa inazama

Niseme mapema tu, hawa jamaa nawapa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niliyowanyima ntaielezea mbele. Kazi ilikuwa kuimarisha msingi kwenye kona ya nyuma ya nyumba, upande wa bafuni. Ukuta ulikuwa na nyufa zinazopanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali, juu pana chini nyembamba, na mlango wa bafu ukawa haufungi mpaka uusukume na bega. Ufa ukiwa mpana juu kuliko chini karibu na kona mara nyingi maana yake kona inashuka na ukuta unafunguka kwenda nje, kwahiyo kuziba na plasta na kupaka rangi ni kujidanganya, unarudi palepale.

Kabla yao ilikuja kampuni nyingine, siitaji jina. Wakazunguka nyumba, wakapiga picha, wakagonga gonga ukuta, jioni wakatuma hesabu ya kuweka nguzo za chuma kuzunguka nyumba nzima. Nyumba nzima jamani! Na hawajachimba hata kishimo kimoja kuona msingi umekalia nini. Daktari gani anakuandikia upasuaji hata presha hajakupima? Nikaachana nao.

Hawa wa pili walimtuma dada mmoja injinia, na kilichonishangaza hakuongelea zege kabisa siku hiyo, yeye maswali yake yote yalikuwa ya maji. Maji ya paa yanamwagikia wapi, bomba la maji taka limepita wapi, kuna mti mkubwa karibu, hapa palikuwa na shimo zamani? Afu akaziba bomba la maji taka kule chini, akalijaza maji mpaka juu, akapiga alama na kalamu, tukasimama tunaangalia. Maji yakaanza kushuka tena siyo polepole. Kumbe kiungo kimoja kilikuwa kimeachia chini ya ardhi, na gata nayo ilikuwa inamwaga maji yote ya paa palepale kwenye kona, yaani ile kona ilikuwa inanyweshwa juu na chini.

Baada ya hapo wakachimba shimo la majaribio pembeni ya ukuta mpaka chini ya msingi. Hiki ndo kitu ambacho ningemwambia mtu yeyote akidai kabla hajasaini chochote. Dada akaingia mwenyewe shimoni na tochi, akachukua kipande cha nondo akachokonoa chini ya msingi, nondo ikazama kama anachoma uji, akavuta na vidole vikatoka vipande vya tofali na mfuko wa nailoni. Udongo wa kujazia huo, haukushindiliwa, aliyejenga alisawazisha akapandisha ukuta. Udongo mgumu wa asili ulikuwa kama meta moja zaidi kwenda chini.

Hapo mi nikasema basi leteni mafundi. Akakataa. Wakatengeneza bomba kwanza, wakahamisha maji ya gata yakaenda mbali na nyumba, halafu wakagundisha kwenye nyufa vile vipimo vya plastiki vyenye mistari ya milimita, vipande viwili vinapandana, ufa ukitembea unaona. Alinionyesha na jedwali la BRE, ile taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, linapanga nyufa kwa upana: mpaka milimita 1 ni kazi ya fundi rangi tu, mpaka 5 unaziba na milango inaweza kuanza kugoma kidogo, 5 mpaka 15 unafumua baadhi ya tofali, ikipita 25 hapo ukuta wenyewe unaweza kukosa uimara. Wangu mkubwa ulikuwa 7. Sema alisisitiza upana peke yake hautoshi, kuna nyumba ina ufa wa 10 uliotulia miaka na kuna yenye ufa wa 3 unaotembea, na kwenye udongo wa mfinyanzi ufa unaweza kufunguka kiangazi na kujifunga mvua zikija kwasababu udongo unasinyaa na kuvimba. Wangu haukujifunga, ulikuwa unaongezeka tu taratibu hata bomba lilivyotengenezwa. Ndo akaandika ripoti: kona tu, siyo nyumba nzima.

Kazi yenyewe wanaiita andapiningi, unachimba chini ya msingi wa zamani mpaka ufike udongo mgumu unamwaga zege jipya huko chini. Nilikuwa naogopa maana kichwani naona wanachimba mtaro mrefu na ukuta unaning'inia hewani. Siyo hivyo. Waligawa ukuta vipande vya kama meta moja moja, wakaandika namba kwa chaki, na namba hazifuatani, inaenda 1, 3, 5, 2, 4 ikafika mwisho inaanza tena, mashimo yenye namba 1 yanachimbwa kwanza, yanamwagwa zege, yanaachwa yakomae ndo wanahamia namba 2. Mawili yanayopakana hayawi wazi kwa pamoja hata iweje. Ubavuni wanaacha nondo zimechomoza ili kipande kinachofuata kishikane na mwenzake.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni pale juu. Zege hawalifikishi mpaka kugusa msingi wa zamani, wanaacha nafasi ya milimita 75 hivi, kwasababu zege likikauka linasinyaa na lingeacha mwanya, nyumba ingeshuka tena kufuata huo mwanya. Kesho yake au baadaye ndo wanajaza mchanga na saruji, tatu kwa moja, imelowanishwa kidogo tu. Kulikuwa na mzee mmoja fundi kazi yake hiyo tu, anafinya donge mkononi, anafungua kiganja, likimeguka anaongeza tone la maji, likitoa maji katikati ya vidole analirudisha lote kwenye karai. Likikaa sawa analishindilia na kipande cha mbao na nyundo mpaka sauti inabadilika. Ningekaa namwangalia kutwa huyo mzee.

Sasa nyota niliyowanyima. Siku moja msimamizi hayupo nikawakuta vijana wanaongeza maji kwenye zege na ndoo ili liteleze vizuri shimoni, na kila anayejenga anajua maji mengi yanaua nguvu ya zege. Nikapiga picha nikamtumia dada injinia, akaja, shimo lile likafumuliwa zege likiwa bado bichi. Sawa walirekebisha bila kulipishwa, lakini nisingekuwepo je? Halafu mvua ilinyesha shimo likajaa, wakavuta maji na pampu vizuri tu, wakakwangua tope la chini mpaka udongo mkavu, hapo nawapongeza, ila udongo uliochimbwa ulikaa umerundikwa mlangoni mpaka nikachoka kupiga simu.

Matokeo: vipimo vimesimama, hamna kilichotembea tangu wamalize. Ila muelewe hii kazi inazuia kushuka, hainyanyui nyumba. Mlango wa bafu nilibidi niite seremala aupige randa, na nyufa zilibaki vilevile mpaka zilipokuja kushonwa na fimbo za chuma kisichoshika kutu zinazolazwa ndani ya viungo vya tofali, nusu meta kila upande wa ufa. Niliulizia ile resini, kemikali inayodungwa chini ya ardhi ikavimba, wakasema inasaidia zaidi kunyanyua jamvi (sakafu ya zege) lililobonyea au kujaza uwazi, kwa udongo wenye takataka kama wangu bora kushuka mpaka pagumu. Kama unataka kurudisha kona juu kuna nguzo za chuma na jeki, ni kazi nyingine na ukuta unaweza kupasuka upya ukinyanyuliwa.

Walinipa ripoti yenye picha ya kila shimo kabla ya kumwaga zege, na rula imesimamishwa ndani kuonyesha kina, hiyo muidai, maana vikishafukiwa hakuna wa kubishana naye. Na someni waranti mpaka ukurasa wa mwisho. Yangu inahusu kona tu, jamvi la bafuni halimo, na lile jamvi limebonyea kidogo karibu na lile bomba, wao wanasema ni kazi mpya, mi nasema ni bomba lilelile, mpaka leo tunasukumana kwenye simu.