Nyaya za Stata kwa Gari la Zamani: Kwangua Kwanza, Lipa Baadaye

Nilinunua stata mbili (ile mota inayozungusha injini ili gari liwake) kabla sijajua kwamba ile ya mwanzo ilikuwa nzima. Nageuza ufunguo, inalia "tak" moja, kisha kimya. Fundi wa tatu ndiye aliyesema tatizo ni nyaya. Nikanunua seti ya nyekundu na nyeusi, nene kama kidole gumba, pakiti imeandikwa "shaba safi". Gari likawaka vizuri kwa miezi minne, halafu "tak" ikarudi. Nikaupasua ule mwekundu kwa kisu. Unene wote ulikuwa plastiki. Ndani mlikuwa na nyuzi chache, na nilipozikwangua zikageuka nyeupe: alumini iliyopakwa shaba.

Urefu na rangi kila mtu anaviona, sivisemi. Naomba uangalie metali iliyo ndani ya ganda, kwa sababu hapo ndipo tunapoibiwa.

Stata ya gari dogo la petroli huvuta kama ampea 100 hadi 200. Waya wa shaba wa milimita 25 za mraba, ukipitisha ampea 150, hupoteza takriban volti 0.1 kwa kila mita. Wa alumini iliyopakwa shaba, kwa ukubwa uleule, hupoteza zaidi ya mara moja na nusu ya hapo. Shida ni kwamba mara nyingi si ukubwa uleule. Ganda nene likificha milimita 10 za mraba tu, mita moja peke yake inakula volti 0.4, na betri iliyochoka haina volti za kupoteza. Tena alumini iliyobanwa kwenye pete ya shaba ya mwisho wa waya hulegea taratibu, na unyevu ukiingia hapo huliwa haraka. Ndiyo maana seti mbovu haikuumbui siku ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, pima. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye boliti kubwa ya stata, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, upande huo una kasoro. Rudia kutoka nguzo hasi hadi mwili wa stata. Hapo sitaki kuona zaidi ya 0.2 au 0.3.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi kwamba nalipendelea, ni waya wa mashua wa Ancor. Ni shaba iliyopakwa bati, nyuzi nyembamba nyingi, unapinda bila kugoma, na umetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Ukiukwangua unaona kinyume cha ule niliotapeliwa: mweupe nje, mwekundu ndani. Ni ghali, lakini nimeufunga na sitarudi nyuma. Nunua na pete zake, zibanwe kwa koleo la kazi hiyo, kisha kila kiungo kivikwe mpira wenye gundi unaonywea kwa joto.

La pili ni waya wa mashine ya kuchomelea, ulio wa shaba tupu. Ni laini na unauzwa kwa mita. Upitishe mbali na mafuta na bomba la moshi, maana ganda lake si lote linalovumilia oili.

La tatu ni waya wa kiwandani wa gari lako. Ni mzuri sana ukiwa mpya, ila kwa gari la miaka 30 utakaoupata huenda umekaa stoo muda mrefu, au umetolewa kwenye gari jingine ukiwa na ukijani chini ya ganda.

Seti za bei rahisi: uzi usipokuwa mwekundu hadi katikati, acha.

Kama nyaya nene ziko sawa na bado inalia "tak", angalia waya mwembamba unaotoka swichi ya ufunguo kwenda solenoidi, ile swichi kubwa ya sumaku iliyo kwenye stata. Swichi ikizeeka hupeleka umeme hafifu. Relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya ampea 40 ya Bosch au Hella inatosha. Fuata namba za pini zake: 86 ipokee kutoka swichi, 85 iende hasi, 30 ichukue betri kupitia fyuzi, 87 iende solenoidi. Fungua nguzo hasi kwanza kabla hujagusa kitu.

Kinachoniuma ni wauzaji. Ukiomba kukwangua uzi mmoja wanakuwa wakali, ukiuliza milimita za shaba wanakutajia unene wa nje. Wengine wanakuuzia stata nzima bila hata kuuliza kama ulipima. Na karibu kila seti inakuja na nyaya mbili za betri tu. Ule mfupi unaounganisha injini na bodi, ambao kwenye magari ya zamani ndio umeoza kuliko zote, unaambiwa ununue peke yake.