Meza ya mninga kuchubuliwa Moshi: uzoefu wangu

Rangi imetoka nilivyotaka. Mng'aro ndio uliosumbua, na wengi wanaopeleka fanicha kuchubuliwa (kufifishwa rangi ya mbao kwa dawa) hawauulizii kabisa.

Meza yangu ya chakula ni ya mninga, ule wekundu wa kahawia, na sebule yenyewe ina giza. Nikampelekea fundi mmoja wa Majengo ambaye kazi hii anaiita mkorogo wa mbao. Nilidhani atapaka Jik, akacheka. Jik hufuta rangi ya kupakwa. Rangi ya asili ya mti haiiwezi. Yeye hutangulia na kostiki soda, halafu haidrojeni peroksaidi kali, siyo ile ya asilimia 3 ya kuoshea vidonda. Zikikutana zinatoa povu na wekundu unafifia huku unaangalia. (Glavu na miwani ni lazima, inaunguza vibaya.) Mwisho akapitisha siki na maji kuua makali ya soda, akasuuza, akaianika kivulini.

Ilipokauka nikaipapasa: inakwaruza kama ulimi wa paka. Maji husimamisha nyuzi za mbao na soda hula tabaka la juu, kwa hiyo mwanga ukitua pale unatawanyika. Ubao unakuwa mweupe lakini umefifia, hauna uhai. Fundi alitaka kupaka vanishi hivyo hivyo, nikagoma. Akapiga msasa laini namba 220, kwa mkono mwepesi, maana weupe hauendi chini sana. Ukikazana unaibukia tena kwenye wekundu. Avae barakoa pia, vumbi lake lina mabaki ya dawa.

Vanishi msikubali ya mafuta, ina unjano wake na unazidi kadiri siku zinavyokwenda. Tulichagua ya maji, na kila koti (mpako mmoja) ikikauka anapitisha msasa kidogo. Sasa inang'aa kiasi, siyo kioo, na kwangu inatosha.

Doa jeusi la msumari lilikataa kutoka kwa peroksaidi. Hilo dawa yake ni asidi ya oksaliki, ambayo hakuwa nayo dukani mwake, na ndiyo sababu nampa nyota 4. Bei mpatane mapema pamoja na vanishi, vinginevyo utaongezewa katikati ya kazi.

Kabati la ndani nitampelekea. Mlango unaopigwa na jua hapana, jua litaurudisha unjano.