Nimelipia saa za ndege iliyosimama

Nasema mapema ili asiye na muda asihangaike kusoma hadi chini: usipeleke pesa zako katika shule hii ya urubani. Jina siandiki, maana salio langu bado wanalo na sitaki wapate kisingizio. Wanaosomea Wilson, uwanja wa ndege ndogo jijini Nairobi, wataitambua kwa tabia.

Ndege zao hazina neno. Dada wa mapokezi ni mtu wa watu, na chai ipo. Ugomvi wangu ni na mwalimu mmoja, simu yake, na kile kimita kidogo kwenye dashibodi kinachoitwa Hobbs. Mita hiyo huhesabu muda tangu injini iwake hadi izimwe, na tarakimu yake ya mwisho ni sehemu ya kumi ya saa. Kila dakika 6 inapinduka, nawe umeshatozwa, uwe hewani au uwe umeegesha.

Asubuhi hiyo, miezi kadhaa iliyopita, nilifika kabla jua halijakolea. Nikaizunguka ndege, nikapima mafuta kwa kijiti, nikakinga kidogo kwenye kikombe kuangalia kama yameingia maji. Kapteni akaja amechelewa, salamu yenyewe ya juu juu. Tukaingia, nikasoma orodha ya ukaguzi, nikawasha injini. Kabla hatujaomba ruhusa ya kutoka kwenye maegesho akaniambia, "Ngoja kidogo," akatoa simu. Akaandika ujumbe. Akajibiwa, akacheka, akaandika tena. Injini inanguruma, mafuta yanaungua, miguu yangu iko kwenye breki. Nikaikodolea macho ile tarakimu nyekundu ya mwisho: ikapanda taratibu, nusu yake juu nusu chini, ikakaa sawa. Halafu ikaanza kupanda tena.

Nikamwambia kwa adabu, "Kapteni, kama bado una shughuli naomba tuzime kwanza." Hakuinua hata uso. "Dada, urubani si wa watu wa kuhesabu sarafu. Kama pesa inakuuma, nenda kasomee udereva wa matatu."

Pesa hiyo ni mkopo wa Sacco. Wadhamini wangu ni wenzangu kazini, watu wenye karo na kodi zao, walioweka sahihi kwa sababu waliniamini. Nani hataki kuhesabu sarafu kama hizo?

Wala msinielewe vibaya. Kusubiri Wilson ni jambo la kawaida. Ukifika ukingoni mwa barabara ya kurukia utakuta ndege za Mara, za Amboseli, za Diani, na ndege ya wagonjwa ikipewa nafasi mbele ya wote. Hapo mita ikipanda ninalipa bila kinyongo, kwa sababu mnara wa kuongozea ndege ndio unaosema. Tena hata kusubiri unajifunza, ukisikiliza redio. Lakini tulikuwa kwenye maegesho, tukimsubiri yeye.

Na hasara haikuwa ya pesa tu. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini ndogo isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda futi 1,000, na joto huzidi kuifanya hewa iwe nyepesi. Ndiyo maana wanafunzi tunagombania saa za asubuhi: hewa ni nzito, upepo umelala, ndege inapanda kwa hiari. Tulipoondoka hatimaye jua lilikuwa limeshachoma. Tulipanda kwa kujikokota, na kila tulipokaribia kutua tukarushwarushwa. Somo la kutua nililolipia likawa somo la kuvumilia.

Kuna jambo zito zaidi. Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Diani. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi na kutua salama. Mabaki ya Cessna yaliangukia Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, na sisi tunapita juu ya mbuga hiyo hiyo. Siwezi kumwamini mtu ambaye hata ardhini macho yake hayatoki kwenye simu.

Hata hivyo lazima niseme haki yake. Akishaweka simu mfukoni, yule bwana anafundisha. Nilikuwa naigonga ndege chini kila nikitua, na walimu wengine wawili walinipigia kelele tu: "Vuta! Vuta!" Yeye alinyamaza, kisha akasema nisitazame lami iliyo mbele ya pua, nitazame mwisho wa barabara, nisubiri ndege ichoke yenyewe. Magurudumu yakagusa hata sikusikia. Nilitamani kulia kwa furaha. Vijana wengi wanaofundisha pale wanakusanya saa zao kufikia 1,500 za leseni ya juu. Wakiitwa na shirika la ndege wanakuacha njiani. Huyu hana haraka ya kuondoka. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuandika kwamba shule inafaa, ila uombe mwalimu mwingine, au umwombe huyu aache simu ofisini.

Nikabadili mawazo nilipofungua kitabu changu cha saa za urukaji. Ameandika muda wote wa Hobbs kama muda wa kuruka, pamoja na ule wa kuchat! Kanuni inajulikana: muda wa safari huanza ndege inapoanza kusogea ili ikaruke, na huisha inaposimama mwisho. Zile dakika za maegesho haziingii katika saa 40 za leseni ya rubani binafsi. Nimezilipia, hazinisaidii, na juu yake kitabu chenye jina langu, kitakachokaguliwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kina uongo ambao sikuuandika.

Nikapeleka kwa meneja. Nilidhani atashtuka. Akaniambia, "Lakini si mnafaidika nyote? Saa zinajaa haraka."

Hapo ndipo nyota tatu zilipogeuka kuwa moja. Mwalimu mwenye kiburi nitamvumilia kama anajua kazi. Ofisi inayoona kitabu cha uongo ni zawadi kwa mwanafunzi, siwezi.

Unayetafuta shule, kabla hujatoa hata shilingi, uliza inatoza kwa Hobbs au kwa takometa, mita inayofuata mizunguko ya injini, ambayo hutambaa polepole injini ikiwa haijakanyagwa. Omba jibu kwa maandishi. Uliza nani anafidia mwalimu akikuchelewesha. Na usilipie saa nyingi kwa mkupuo hata ukipewa punguzo, kwa maana mimi sasa nadai salio langu kila wiki na jibu ni lile lile, mhasibu hayupo.