Siku nzima ya picha Delhi na mwongozaji binafsi: nimeipa nyota nne

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeondoka kwa mambo mawili: duka la mazulia ambalo halikuwemo kwenye ratiba, na picha zilizorudi nyuso zikiwa zimepaushwa. Mengine yalistahili pesa. Nayaeleza kwa kirefu kwa sababu matangazo ya huduma hii yote yanasema maneno yale yale, ilhali bei na kazi yenyewe vinapishana mno.

Kabla ya yote, jua unanunua nini. Kwa jina hilo hilo la "siku binafsi ya picha" zinauzwa huduma mbili. Ya kwanza, kamera unashika wewe. Mwongozaji anajua njia, saa, na nani wa kuombwa ruhusa. Ya pili, yeye ndiye mpiga picha na wewe ndiye unayepigwa mbele ya majengo. Ukilipia moja ukitarajia nyingine, mtagombana kabla ya saa sita mchana. Mimi nilichukua ya kwanza, na saa moja ya mwisho nikaongeza ya pili. Mseto huo nauona ndio bora, hasa kwa wenzetu wanaofika Delhi kumsindikiza mgonjwa na kupata siku moja tu ya kupumua. Gari linakuchukua mlangoni na kukurudisha, na ukipigiwa simu kutoka hospitali unakatiza bila kusubiri kundi la watu.

Mwongozaji mzuri humjui kwa wingi wa hadithi za wafalme. Unamjua kwa jinsi anavyolipanga jua. Mfanyie mtihani huu kwa ujumbe mfupi kabla hujalipa: muulize Msikiti wa Jama ni wa saa ngapi, na Ngome Nyekundu ni ya saa ngapi. Akikujibu "vyote asubuhi," tafuta mwingine.

Sababu ni hii. Kwetu pwani kibla ni kaskazini, lakini kwa Delhi Makka iko magharibi. Kwa hiyo jumba la kuswalia la Msikiti wa Jama, uliokamilika mwaka 1656 enzi za mfalme Shah Jahan, limekaa upande wa magharibi wa uwanja na uso wake unatazama mashariki. Jua la asubuhi linaupiga mbele moja kwa moja, mawe mekundu na mistari ya marumaru vinang'aa. Alasiri jua liko nyuma ya kuba na unabaki na kivuli cheusi chini ya mbingu nyeupe. Ngome Nyekundu ni kinyume chake. Lango lake kuu, la Lahori, linatazama magharibi, basi asubuhi yote liko gizani. Tena Jumatatu ngome hufungwa. Ratiba niliyoletewa mara ya kwanza ilikuwa na ngome saa tatu asubuhi. Niliomba iondolewe kabisa, tukaipita kwa nje tu, na muda ule ukaenda sokoni. Sijutii.

Siku ilianzia mto Yamuna. Delhi ya Kale iko ukingo wa magharibi, kwa hiyo ukisimama kwenye ngazi za mto unatazama jua linapochomoza. Desemba na Januari linachomoza baada ya saa moja kidogo. Juni ni kabla ya saa kumi na mbili, ndiyo maana siku ya kiangazi inakuwa ndefu na ya kuchosha. Miezi ya baridi, kuanzia Novemba hivi hadi Februari, shakwe wahamiaji hujaa mtoni. Mwenye mashua hurusha tambi za dengu za kukaanga, ndege wanainuka wote kwa pamoja, na hapo ndipo picha ilipo. Tumia kasi ya shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) ya sekunde 1/1600 au zaidi ili mbawa zisififie, punguza mwanga hatua moja ili anga isichomeke, na muombe arushe upande jua liliko, siyo nyuma yako. Anayetumia simu ashikilie kitufe ipige mfululizo. Bei ya mashua ikubaliwe mkiwa bado nchi kavu, na iwe ya mashua nzima, si ya kila kichwa. Jambo la heshima: karibu na hapo ni Nigambodh, mahali pa kuchomea maiti. Lenzi isielekezwe huko. Mwongozaji wangu alilisema hilo kabla hatujashuka garini, nikampa alama.

Msikitini kuingia ni bure ila kamera na simu hulipiwa langoni, na saa za swala wageni hutolewa nje. Ijumaa mchana usiuweke kabisa kwenye ratiba kama nia yako ni picha. Viatu vinabaki mlangoni. Vaa soksi, maana mawe ya uwanja hupata moto kadiri jua linavyopanda. Kaptula haipiti, na wanaovaa mavazi yasiyositiri hupewa joho la kuvaa juu. Kuna mnara wa kupanda, ngazi kama 130 nyembamba za kuzunguka, na juu nafasi ni ya watu wachache. Mwanamke asiye na mwanamume huzuiwa kupanda, kwa hiyo dada anayesafiri peke yake amwambie mwongozaji mapema wapande wote. Kule juu lenzi pana inatosha. Begi kubwa liache chini, litakukwamisha kwenye zile ngazi.

Chakula cha asubuhi ni palepale. Mtaa wa pembeni ya lango la kusini kuna Karim's, mkahawa ulioanza mwaka 1913, na asubuhi wanatoa nihari, mchuzi wa nyama uliochemka usiku kucha. Ni halali. Wanaopenda tamu watakuta zulubia za moto Chandni Chowk, barabara kuu ya soko ya Delhi ya Kale; pigia picha mikono ya mpishi na mvuke, siyo sahani. Maji yawe ya chupa yenye lakiri.

Sasa soko. Khari Baoli, mwisho wa magharibi wa Chandni Chowk, karibu na msikiti wa Fatehpuri, ni soko la jumla la viungo, na kwa mtu aliyekulia kati ya karafuu na iliki ni mahali pa kukaa muda mrefu kuliko ratiba inavyotaka. Ratiba ilinipa dakika arobaini. Dai saa mbili. Usiende Jumapili, maduka yamefungwa, wala usiende mapema mno, kwa sababu mizigo huanza kushika kasi kuanzia saa nne hivi. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku magari hayaruhusiwi barabara kuu ya Chandni Chowk, kwa hiyo utashushwa mbali na kuendelea kwa riksho ya kukanyaga au kwa miguu. Kampuni inayokuahidi "gari hadi mlangoni" sokoni hapo haijui inachouza.

Ndani ya soko, mahamali ndio picha na mahamali ndio hatari. Wanabeba magunia kichwani na mgongoni, wanasukuma mikokoteni, na hawasimami. Egemeza mgongo ukutani, chagua kipande cha mwanga kinachoanguka kati ya majengo, kisha waache waingie wenyewe kwenye fremu. Lenzi ya milimita 35 inatosha, kasi isishuke chini ya 1/250. Ukitaka gunia lionekane linakwenda huku nyuma kumefifia, shuka hadi 1/20 na umfuate mbebaji kwa kamera kwa mwendo wake. Nyingi zitaharibika, na ni kawaida. Usibadilishe lenzi sokoni. Vumbi la pilipili kali kavu linaelea hewani, likiingia kwenye kihisi cha mwanga ndani ya kamera utaliona kama madoa kwenye kila anga utakayopiga baadaye. Beba barakoa, kwa sababu utakohoa, kila mtu anakohoa, hata wauzaji. Na usifute lenzi kwa ncha ya shati lililokaa humo. Puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, halafu kitambaa.

Jengo la Gadodia, soko la ghorofa lenye ua katikati, ndipo mwongozaji anapopata haki ya malipo yake. Ngazi zake ni za giza, zimejaa magunia, na mgeni akiwa peke yake mara nyingi hurudishwa. Anayefahamika pale anapita kwa salamu tu. Kutoka paa unaona ua wote chini yako, magunia yakipangwa na kufunguliwa. Piga ukitazama chini wima, bila anga kabisa. Anga ya Delhi ya saa hizo ni ya kijivu na itaivuruga picha.

Kuhusu ruhusa, sheria yangu ni ishara ya kamera na jicho kwanza, kidole baadaye. Kwa mtoto, mzazi aulizwe. Atakayekataa kwa mkono, shusha kamera na utabasamu, yamekwisha. Upande wa pili wa jambo hilo haumo kwenye tangazo lolote: Mwafrika Delhi hutazamwa sana, na vijana watakuomba picha pamoja nawe, wa kwanza akishapata linakuja kundi. Mwambie mwongozaji tangu mwanzo unakubali au hukubali. Wangu alikuwa anawapokea wote kwa furaha mpaka nilipomwambia basi.

Mchana wa katikati mwanga ni mbaya na barabara zimeziba. Hapo ndipo unapopelekwa dukani. "Dakika tano tu, mwangalie jinsi zulia linavyofumwa." Mwongozaji hulipwa kamisheni kwa kila unachonunua, na bei inaibeba kamisheni hiyo. Ilinigharimu karibu saa nzima. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye makubaliano kabla ya kulipa amana: hakuna duka ambalo mteja hakuliomba. Atakayekataa kuuandika amekwisha kujibu.

Alasiri ni ya Kaburi la Humayun, mfalme wa Kimughal, na hapa siku ilipanda tena. Lilijengwa kwa amri ya mjane wake, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1570, na Taj Mahal ilifuata nyuma yake kwa miongo kadhaa. Wageni huingia kutoka magharibi, kwa hiyo kuanzia saa tisa na nusu hadi jua linapozama uso unaokukabili ndio wenye mwanga. Tiketi ya mgeni ni rupia 600, na sisi tunalipa ya wageni. Usilikimbilie kaburi kubwa. Kulia baada ya kuingia kuna kaburi la Isa Khan, la mwaka 1547, lenye pembe nane na watu wachache, zuri mno kwa picha ya jengo zima. Kaburi kuu lilifanyiwa ukarabati mkubwa na Aga Khan Trust for Culture, taasisi ile ile iliyoitengeneza upya bustani ya Forodhani Zanzibar, na ukiangalia bustani na mifereji utaona mkono unaofanana.

Tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, hairuhusiwi kwenye majengo haya bila kibali maalumu, hata ndogo ya mezani huleta maneno na walinzi. Droni iache nyumbani, maana India imepiga marufuku kuziingiza na forodha watakunyang'anya uwanja wa ndege.

Pale Humayun ndipo nilipopigwa picha mimi, na hapa wasomaji wenye ngozi nyeusi wasome taratibu. Mpiga picha aliyezoea ngozi nyeupe mbele ya marumaru huacha kamera ijipimie yenyewe. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wako unakuwa shimo. Halafu kwenye uhariri anauinua kwa kichujio cha kupausha na kulainisha, unarudishiwa mtu usiyemjua. Dai mwanga upimwe usoni. Kwa simu, shikilia kidole juu ya uso kwenye kioo mpaka kipimo cha mwanga kifungike, kisha sogeza alama ya jua juu kidogo. Mahali pazuri ni chini ya tao la mawe mekundu, hatua mbili ndani ya kivuli, ukitazama nje: mwanga ni laini, na mawe yanarudisha wekundu wa joto unaoipenda ngozi yetu. Mavazi ya rangi moja iliyokolea yanashinda meupe hapo. Kwenye makubaliano andikeni idadi ya picha zilizohaririwa, siku za kusubiri, na kwamba faili halisi zisizoguswa utapewa zote. Zangu nilizidai baada ya kuona zilizopaushwa, nikazipata, na uhariri nikafanyiwa Dar.

Msimu: Februari na Machi ndiyo miezi ninayoipendekeza. Novemba hadi Januari moshi na ukungu huweza kumeza kila kitu kilicho mbali, ingawa mtoni hugeuza jua kuwa duara jekundu unaloweza kulipiga bila kichujio. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, betri na wewe wote mtachoka.

Pesa taslimu beba noti ndogo za 10, 20, 50 na 100. Wenyeji wanalipa kwa simu kila kitu, ila mfumo wao haumkubali mgeni kirahisi, na mwenye riksho, mtunza viatu na mwenye mashua hawana chenji ya 500. Bakhshishi ya dereva mpe dereva mkononi, tofauti na ya mwongozaji. Na mwongozaji mwenye leseni ya Wizara ya Utalii hubeba kitambulisho chenye picha. Kiombe kabla gari halijaondoka, kwa sababu asiyekuwa nacho anaweza kuzuiwa kukuongoza ndani ya majengo ya kale, akakuacha getini na kukusubiri nje huku saa za kulipia zinahesabika.