Miezi 8 na mashine za kusikia za kuchaji: mashine ni zile zile, fundi ndo tofauti

Nina hizi mashine za kusikia miezi 8 sasa, zile ndogo zinazokaa nyuma ya sikio na kawaya kembamba kanaingia ndani, za kuchaji sio za kubadilisha betri, na nimeona niandike maana nilipokua natafuta maoni kabla ya kununua nilikutana na watu wa aina mbili tu, anayesema zimemrudishia masikio yake na anayesema ni hela ya kutupa, na wote wawili hawaelezi kwa nini.

Kwanza masikio yangu yalivyo. Nimefanya kazi kwenye karakana ya vyuma zaidi ya miaka 20, grainda kutwa nzima, sikuwahi kuziba masikio hata siku moja. Sauti nene nasikia vizuri tu, nyembamba ndo zimeondoka. Yaani mtu akiongea najua anaongea, sauti naipata ila maneno siyapati. Fika, shika, pika, kwangu yote yalikua "ika" halafu namalizia kwa kuangalia mdomo wa mtu na kubahatisha. Irabu ni sauti nene kwa hiyo zinabaki, lakini s, f, sh, t ziko juu huko kwenye sauti nyembamba na ndo zinazotofautisha neno na neno. Ndo maana ukimpazia sauti mtu kama mimi humsaidii sana, unamuongezea kile ambacho tayari anakisikia. Nyumbani walikua wanaamini nasikia ninapotaka mwenyewe, na hilo liliniuma kuliko hata kutosikia kwenyewe.

Nilikonunua mwanzo nilipimwa haraka haraka, wakaunganisha mashine na kompyuta, wakabonyeza, nusu saa nishatoka. Zikafuata wiki mbili za mateso. Vijiko vikigongana kichwa kinauma, mfuko wa plastiki unapasua masikio, sauti yangu mwenyewe naisikia kama naongelea ndani ya pipa, na maneno ya watu bado siyapati! Nikazitia droo. Zimekaa humo mwezi mzima na zaidi na mimi nikawa mmoja wa wale wanaosema ni hela ya kutupa.

Binti yangu ndo alinilazimisha niende kwa mtaalamu mwingine nizibebe zile zile. Huyu alinipima upya, akanichorea ile chati inayoonyesha kila sauti nasikia kuanzia kiwango gani, halafu akafanya kitu ambacho kule kwa kwanza hakikufanyika kabisa, aliniingizia kimrija laini sana ndani ya sikio karibu na ngoma, akanivalisha mashine, akacheza sauti ya mtu anaongea akawa anapima ni nini hasa kinafika kule ndani. Akanionyesha kwenye skrini, sikio la kulia sauti nyembamba zilikua chini sana ya ninachohitaji na zile nene zimezidishwa. Akarekebisha. Akabadilisha na kile kimpira cha ndani ya sikio akaweka chenye matundu, ile sauti ya pipa ikapungua hapo hapo nimekaa kwenye kiti. Jamani mashine ni zile zile. Kwa hiyo ukienda kununua uliza kabisa, mnapima ndani ya sikio nikiwa nimevaa? Na nikirudi kurekebishiwa inakuaje? Wakikuzungusha hapo tafuta pengine.

Hata baada ya hapo haikua siku moja. Ubongo uliokaa miaka bila kusikia zile sauti unazipokea zote kama kelele mpaka uzizoee tena, alinishauri nianze na masaa machache kwenye utulivu niongeze kila siku. Kwangu ilichukua kama wiki 6 hivi mpaka maji ya bomba yakaacha kunikera.

Uzuri wake: mazungumzo ya watu wawili watatu nafuata bila kuchoka, simu inaingia moja kwa moja masikioni, chaji nalala nimeweka naamka inanitosha mpaka usiku. Ubaya: kwenye ukumbi wenye watu wengi na muziki bado napata shida, zinasaidia ila sio kama masikio mazima, nakaa nimegeukia ukuta kelele ziwe nyuma yangu na ninayeongea naye awe mbele. Zinapiga mluzi mtu akinikumbatia au nikivaa kofia nzito. Na kile kichujio kidogo cha kuzuia nta ya sikio kikiziba mashine inanyamaza kabisa unafikiri imekufa, mara ya kwanza nilihangaika siku nzima, kumbe ni kubadilisha kichujio tu dakika mbili. Kila usiku nafuta kwa kitambaa kikavu, na wiki niliyotoka jasho sana naziweka kwenye kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu.

Kitu kingine, mashine hizi sio kinga. Ukizizima ukaingia kwenye kelele masikio yanaendelea kuumia, na zile seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti ndani ya sikio zikishakufa kwa binadamu hazioti tena. Kiwango kinachotumika makazini sehemu nyingi ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa masaa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo 88 ni masaa 4, ukifika 100 umebaki na dakika 15 tu. Grainda inafika huko bila shida. Sasa hivi nikiingia karakana navua mashine navaa zile kofia za masikio za kuzuia kelele, zikinitia joto naweka sponji za kusokota, unaikunja nyembamba unavuta sikio juu na nyuma unaiingiza unaishikilia mpaka ivimbe, ukiiweka juu juu tu haikusaidii.

Nyota 4 kati ya 5, na ingekua ni wiki zile mbili za kwanza ningetoa 1. Vijana wawili pale kazini wameanza kuvaa kinga baada ya kuwaonyesha ile chati yangu, wa tatu anasema zinamkosesha raha na bado namfuata kila asubuhi.